Kumfundisha mzungumzaji wa Kihispania vishazi vya wakati vya Kiingereza

Mwalimu anayefundisha Kiingereza mtandaoni akiwa Nairobi au Arusha, na mwanafunzi wake yuko Bogotá, anazijua saa zake. Kule ni saa moja jioni, mtu ametoka kazini na kahawa yake mezani. Huku ni saa tisa usiku. Ukishaamka saa hiyo, hutaki kurudia somo lile lile kila wiki. Na somo linalorudiwa kuliko mengine ni hili: mwanafunzi anataka kusema atakupigia akifika, anaandika "I will call you when I will arrive", unamsahihisha, anakubali kwa kichwa, na Jumatano ijayo analeta sentensi ile ile ikiwa na kitenzi kingine.

Walimu wengi humwambia tu kwamba baada ya "when" hakuna "will". Katazo hilo lina kasoro mbili. Si kweli kila mara, na mwanafunzi makini atakuja kukuonyesha sentensi inayolivunja. Kubwa zaidi, linampa kitu cha kukariri wakati lugha yake mwenyewe tayari inamwashia taa mahali hasa panapohusika. Mwongozo huu unatumia taa hiyo. Si lazima ujue Kihispania. Utahitaji kutambua viunganishi kama kumi hivi na miisho michache ya vitenzi, na vyote vimo humu.

Hatua ya kwanza: jua kila lugha inaweka wapi alama ya wakati ujao

Weka sentensi hizi mbili za Kihispania mbele ya mwanafunzi:

Cuando termino el trabajo, voy al gimnasio.
Cuando termine el trabajo, iré al gimnasio.

Ya kwanza ni mazoea: kila nikimaliza kazi huenda mazoezini. Ya pili ni leo au kesho: nitakapomaliza kazi nitakwenda. Sasa ziandike kwa Kiingereza:

When I finish work, I go to the gym.
When I finish work, I'll go to the gym.

Mwambie apige mstari chini ya kitenzi cha kwanza katika kila sentensi. Kwa Kihispania kimebadilika, termino imekuwa termine. Kwa Kiingereza hakikubadilika hata herufi. Kiingereza kinakaa kimya ndani ya kishazi cha wakati, yaani ile sehemu ya sentensi inayosema lini, kinasubiri kishazi kikuu ndipo kitoboe kama ni mazoea au ni jambo lijalo. Mwache alione hilo mwenyewe kabla hujaeleza chochote.

Umbo la termine ndilo wanaloliita subjuntivo. Linafanana kwa mbali na ile -e yetu ya "aje" na "tufike". Vitenzi vya -ar huchukua e, kama llegue na termine. Vya -er na -ir huchukua a, kama coma na salga. Vichache ni vikorofi na vinatumika kila siku: sea, vaya, tenga, haga, sepa. Ukiona mojawapo baada ya kiunganishi cha wakati, Kiingereza kitataka wakati uliopo wa kawaida.

Hapa mwalimu wa kwetu ajihadhari na jambo moja. Kiswahili huweka ujao pande zote mbili, "nitakapofika nitakupigia", na ndiyo sababu wanafunzi wa hapa nyumbani nao husema "when I will arrive". Kosa linafanana, chanzo si kimoja. Mswahili anahamisha ujao ambao kweli upo katika lugha yake. Mkolombia hana ujao pale. Ana pengo la subjuntivo ambalo Kiingereza hakina cha kuliziba, na kwa kuwa anajua maana ni ya baadaye, anaokota "will". Maelezo uliyozoea kumpa mwanafunzi wa Morogoro hayatamfaa.

Zamani Kihispania kilikuwa hata na subjuntivo ya wakati ujao, ya pekee kwa mambo kama haya. Leo imebaki katika maandishi ya sheria na katika methali yao, "Adonde fueres, haz lo que vieres", ambayo kwetu ni ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wanafunzi wanaopenda historia ya lugha yao hufurahi ukiitaja, lakini usikae hapo zaidi ya dakika moja.

Hatua ya pili: mpe njia tatu za kubadilisha

Taa ya subjuntivo haina rangi moja. Ina tatu, na kila moja ina jibu lake.

Cuando llegue inakuwa "when I arrive". Hii ndiyo ya kila siku.

Cuando haya terminado inakuwa "when I have finished". Hapa lugha zote mbili zinasisitiza kwamba tendo liwe limekamilika kwanza. Mwanafunzi akiona haya, hayas, hayan, aandike "have" au "has" bila kusita.

Cuando llegara, katika habari iliyosimuliwa, inakuwa "when she arrived". Mfano: Me dijo que me llamaría cuando llegara. Kwa Kiingereza, "She told me she would call me when she arrived". Wanafunzi wa ngazi ya kati, B1 na hata B2, huandika "when she would arrive", kwa sababu walishazoea kwamba habari iliyosimuliwa huzaa "would". Inazaa, ila katika kishazi kikuu peke yake.

Kisha orodha ya viunganishi. Usimpe yote siku moja. Anza na cuando, en cuanto ambayo ni "as soon as", antes de que ambayo ni "before", hasta que ambayo ni "until", na mientras ambayo ni "while". Kwa mwanafunzi wa Amerika ya Kusini ongeza apenas, kwa sababu wengi huitumia kwa maana ya "as soon as": Apenas llegue, te llamo. Para cuando nayo ni ya thamani, kwa kuwa bila msaada huigeuza kuwa "for when". Kiingereza chake ni "by the time": Para cuando llegues, ya habremos comido, yaani "By the time you arrive, we'll have eaten".

Antes de que ni ya pekee kidogo. Yenyewe hufuatwa na subjuntivo hata kwa jambo lililokwisha pita: Salí antes de que llegara, "I left before he arrived". Haivurugi mpango wetu, kwani llegara tayari inaelekeza kwenye wakati uliopita.

Hatua ya tatu: mwonyeshe mahali ambapo "will" inaruhusiwa

Sasa lile katazo lisilo kweli. Sentensi "I don't know when he will arrive" ni sahihi kabisa. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba "when" na "will" hazikai pamoja ataiharibu, na utakuwa umemwongezea kosa ambalo hakuja nalo.

Kihispania kinatenganisha mambo haya kwa maandishi. Cuando bila alama ni kiunganishi cha wakati. Cuándo yenye kialama juu ya a ni swali, hata likiwa swali lililofichwa ndani ya sentensi. No sé cuándo llegará. Te llamo cuando llegue. Ya kwanza ni "atafika lini", ya pili ni "nitakapofika", na mwalimu anayesema Kiswahili hana haja ya maelezo zaidi, maana kwetu hayo ni maneno mawili tofauti tangu mwanzo. Kanuni basi ni fupi: penye kialama, "will" ni ruhusa, pasipo kialama, hapana.

Tatizo ni kwamba kwenye simu watu wengi hawaandiki vialama. Mpe kipimo cha pili: aweke a qué hora mahali pa cuando. "No sé a qué hora llegará" inakubali, kwa hiyo ni swali. "Te llamo a qué hora llegue" inakataa, kwa hiyo ni kishazi cha wakati. Kipimo hiki hakihitaji istilahi yoyote ya sarufi, na mtu anaweza kukifanya kichwani katikati ya mazungumzo.

Hatua ya nne: rudisha kiima mahali pake

Makosa ya kiima hayatajwi sana tunapozungumzia vishazi vya wakati, lakini ukisahihisha insha za wazungumzaji wa Kihispania utayakuta kila ukurasa. Yako ya aina mbili. La kwanza ni kukidondosha: Cuando llegué, llovía inakuwa "When arrived, was raining". Kihispania kama Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi, kwa hiyo kiima cha nje si lazima. Kiingereza hakimsamehe mtu hapa, na kinadai hata "it" ya mvua ambayo haimwakilishi yeyote: "When I arrived, it was raining".

La pili ni kukigeuza. Cuando llegó mi madre ni mpangilio wa kawaida kabisa kwao, kitenzi kwanza, mama baadaye. Matokeo yake ni "When arrived my mother". Dawa niionayo inafaa ni ya mkono, si ya maelezo: baada ya kila "when", "before", "until" na ndugu zao, mwanafunzi achore kiduara kumzunguka mtenda kabla hajaandika kitenzi. Ni kazi ya kitoto, na watu wazima huinung'unikia, lakini baada ya kurasa chache kiduara huhamia kichwani.

Hatua ya tano: kaa na hasta mpaka ieleweke

Ningekuwa na somo moja tu na mwanafunzi, ningelitumia hapa. "When I will arrive" ni kosa maarufu lakini halimdhuru mtu. Kila anayelisoma anaelewa. Makosa ya hasta hubadilisha maana.

Kwanza kuna ukanushi usiokanusha. Kihispania huruhusu no baada ya hasta que wakati kishazi kikuu tayari ni cha kukanusha: No me voy hasta que no llegues. Maana yake ni "siondoki mpaka ufike". Ile no ya pili haikanushi chochote na inaweza kuondolewa bila hasara. Ikivushwa neno kwa neno inakuwa "I won't leave until you don't arrive", ambayo Mwingereza ataisoma mara mbili na bado asielewe. Sisi tusiwacheke. Tunasema "kabla hajafika" kila siku na hakuna anayeona ukanushi pale. Mwombe mwanafunzi asome sentensi yake kwa Kihispania bila ile no ya pili. Ikibaki na maana ile ile, ndiyo hiyo isiyovuka. Kwa Kiingereza: "I won't leave until you arrive", au "until you've arrived".

Pili kuna hasta ya Mexico, ambayo inasikika pia sehemu za Amerika ya Kati na Kolombia. Huko mtu akisema La tienda abre hasta las diez, mara nyingi anamaanisha duka halifunguliwi mpaka saa nne asubuhi. Mtu wa Madrid angeielewa kinyume, kwamba duka liko wazi hadi saa hiyo. Mwanafunzi wa Mexico atakuandikia "The shop opens until ten", na bosi wake wa Kimarekani atafika saa mbili asubuhi akakuta mlango umefungwa. Vivyo hivyo Llega hasta el lunes inakuwa "He arrives until Monday". Mfundishe mpango mmoja na autumie bila kufikiri: "not" kwanza, kisha "until". "The shop doesn't open until ten." "He isn't arriving until Monday." Muulize mwanafunzi anatoka nchi gani kabla ya somo hili, Mhispania wa Seville hatakuwa na tatizo hili la pili.

Tatu, kwa ufupi: jambo lenye tarehe ya mwisho ni "by", linaloendelea hadi saa fulani ni "until". "I have to send it by Friday", "I'm working until Friday". Mistari miwili ya wakati iliyochorwa kwenye ubao, mmoja ukiishia kwa nukta na mwingine ukiwa umekolezwa wote, hutosha.

Hatua ya sita: mambo madogo ya kupitia haraka

Antes de salir na después de comer zina kitenzi-jina, kwa hiyo huzaa "before to leave" na "after to eat". Kiingereza hutaka "before leaving" na "after eating", au kishazi kamili chenye kiima, "before I leave". Hapa mwache achague anachokipenda. Al llegar ni ile ile hadithi: asitafute neno la kulingana na al, aandike "when I arrived" au "when I arrive" na kuendelea na maisha.

Durante hufuatwa na nomino, mientras na kitenzi. "During the class", "while I was sleeping". Wakati mwingine mientras haihusu muda bali ni sharti, na tena ni subjuntivo inayoshtua: Mientras vivas en esta casa. Karibu kila mtoto wa Amerika ya Kusini ameambiwa sentensi hiyo na mzazi aliyeweka mikono kiunoni, kama wetu walivyoambiwa "madhali unaishi kwangu". Kiingereza chake ni "as long as you live in this house".

Desde que ina mtego katika kishazi kikuu. Desde que me mudé, trabajo desde casa ina wakati uliopo mwishoni, kwa hiyo wataandika "Since I moved, I work from home". Kiingereza kinataka "I've worked" au "I've been working".

Mkato nao usichukue muda: kishazi cha wakati kikitangulia, weka mkato, kikifuata, acha.

Hatua ya saba: sahihisha aya nzima kwa mpangilio

Sentensi moja moja hudanganya. Mpe aya. Hii nimeitunga kwa kukusanya makosa ya kawaida. Mfikirie muuguzi wa Monterrey anayemwandikia mwenye nyumba huko Houston:

"When arrives my flight will be very late, so I will go to a hotel. I will call you when I will wake up. I can't sign the contract until my husband doesn't read it. The bank opens until nine, so I will pay after to talk with them. I am looking for a house since I got the job."

Usianze juu kwenda chini. Anza na yanayoweza kumletea hasara. La benki ni la kwanza: mwenye nyumba atadhani benki iko wazi mpaka saa tatu, na kwamba pesa zinaweza kuingia muda wowote kabla ya hapo. La mkataba ni la pili, kwa sababu limeandikwa kana kwamba mume akisoma tu, mkataba hautiwi saini. Kisha viima vya sentensi ya kwanza, kimoja kimegeuzwa na kingine kimemezwa. "When I will wake up" iwe karibu na mwisho, ijapokuwa jicho lako litaikimbilia kwanza.

Ikishasafishwa inasomeka hivi: "By the time my flight arrives, it will be very late, so I'll go to a hotel. I'll call you when I wake up. I can't sign the contract until my husband has read it. The bank doesn't open until nine, so I'll pay after talking to them. I've been looking for a house since I got the job."

Usimwandikie wewe. Weka namba pembeni ya kila kosa kufuata hatua za juu, moja hadi sita, na arekebishe mwenyewe.

Hatua ya nane: zoezi la kumwachia

Mpe sentensi hizi tano za Kihispania, azigeuze bila kamusi.

1. Cuando era niña, vivíamos en Cali.
2. ¿Sabes cuándo abrirán la frontera?
3. No firmes nada hasta que no hablemos.
4. Para cuando nazca el bebé, ya nos habremos mudado.
5. Te aviso en cuanto sepa algo.

Ya kwanza haina taa yoyote, era ni wakati uliopita wa kawaida. Angalia tu kama ameweka kiima na ile "a" ndogo: "When I was a child, we lived in Cali". Ya pili ina kialama, kwa hiyo "Do you know when they will open the border?" Ya tatu, ile no ya pili inabaki Kihispania: "Don't sign anything until we've talked". Ya nne ni "By the time the baby is born, we'll have moved".

Ya tano huwaangusha hata wazuri. Sepa wataishughulikia vyema, maana sasa wanaijua taa. Tazama upande wa pili. Te aviso ni wakati uliopo, ndivyo watu wanavyoahidi katika mazungumzo ya kawaida, na mwanafunzi ataandika "I let you know as soon as I hear something". Kishazi cha wakati hakina ujao, kishazi kikuu nacho hakina, na msomaji anabaki akidhani ni mazoea ya kila siku. Mrudishe kwenye sentensi mbili za mazoezini na umuulize "will" imekwenda wapi. Jibu ni "I'll let you know as soon as I hear anything", na mpe nyingine tatu za namna hiyo kabla ya kufunga kompyuta: Te llamo cuando salga, Te escribo apenas llegue, Te pago en cuanto cobre.